Namna ya Kununua Nyumba kwa Sherifu Bila Kununua Kesi

Mwaka 2019, katika kaunti ya Broward jimboni Florida, mtu mmoja alishinda mnada wa mtandaoni wa mali zilizodaiwa kodi. Alilipa dola 9,100 akiamini kajipatia nyumba. Kumbe alichonunua ni ukanda wa ardhi wenye upana wa futi 1 na urefu wa futi 100, unaoanzia barabarani na kupita chini ya ukuta unaotenganisha gereji mbili. Kumbukumbu za kaunti zilikuwa wazi muda wote: thamani ya ukanda huo ilikuwa imeandikwa dola 50. Alipolalamika, akaambiwa sheria hairuhusu mauzo kufutwa.

Usimcheke. Alitazama picha, akaacha kusoma karatasi, na jambo hilo linaweza kumkuta yeyote mwenye akiba mkononi na haraka moyoni. Mnada ule ulikuwa wa kodi. Huu ninaokupeleka ni wa sherifu, ambako mara nyingi nyumba huuzwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo wa benki. Minada hii miwili ni ndugu: kote kinachouzwa ni kilichoandikwa, si ulichokiona wewe.

Tutakwenda Ohio. Huko kutwaa nyumba ya mdaiwa lazima kupitie mahakamani, kwa hiyo karatasi zote zipo na yeyote anaweza kuzisoma. Tena Columbus, Cleveland, Akron na Dayton zina familia zinazozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Katika familia hizo wapo wanaotaka nyumba lakini hawataki riba, na wapo ambao wanaweza kuchangishana fedha ila benki bado haiwatambui. Mnada wa sherifu unawavutia kwa kuwa haumuulizi mtu historia yake ya mikopo. Unauliza fedha tu. Hapo ndipo panapovutia, na hapo hapo ndipo watu wanapopigwa.

Kwanza msahau yule sherifu wa sinema mwenye farasi na nyota kifuani. Ohio ina kaunti 88 na kila moja ina sherifu wake, kwa kawaida ofisa aliyepigiwa kura, ambaye katika jambo hili kazi yake ni kutekeleza amri ya mahakama. Hajaingia ndani ya nyumba anayoiuza. Ufunguo hana. Hajui kama choo kinafanya kazi. Hati atakayokupa baadaye haina udhamini wowote, na ukimrudia na malalamiko ya paa linalovuja atakuonyesha mlango kwa adabu. Ukitaka dhamana, nunua dukani. Hapa unanunua kwa macho yako mwenyewe.

Safari ya nyumba kufika mnadani ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kanuni ya serikali kuu, kwa kawaida benki haifungui kesi mpaka mdaiwa awe amechelewa kulipa kwa zaidi ya siku 120. Kesi hufunguliwa, mdaiwa hupewa nafasi ya kujibu, na benki ikishinda, jaji hutoa amri ya kuuza. Wakazi watatu wa kaunti wasio na maslahi na mali hiyo huithamini, aghalabu wakiwa wamesimama nje. Tangazo hutoka gazetini wiki tatu mfululizo. Nyumba ikithaminiwa dola 90,000, mnada wa kwanza hauwezi kushuka chini ya theluthi mbili, yaani dola 60,000. Asipopatikana mnunuzi, mnada wa pili huitishwa kati ya siku ya 7 na ya 30 baada ya ule wa kwanza, na huo hauna bei ya chini, mradi gharama na kodi zilipwe. Habari za nyumba za bei ya kutupa unazozisikia kwenye harusi na misiba nyingi hutoka kwenye huo mnada wa pili.

Sasa kaa chini usome. Mwongozo wenyewe hasa ni huu. Mengine yote yanaufuata.

Kila nyumba inayouzwa na sherifu ina namba ya kesi. Chukua namba hiyo, ingia kwenye kumbukumbu za karani wa mahakama wa kaunti, fungua jalada. Usianze na hukumu. Anza na hati ya madai, na humo tafuta orodha ya walioshtakiwa. Utamkuta mwenye nyumba, mwenzi wake wa ndoa, labda benki ya pili iliyomkopesha, hazina ya kaunti kwa ajili ya kodi ya jengo, na wakati mwingine fundi aliyewahi kufanya kazi asilipwe. Orodha hiyo ina uzito kwa sababu moja. Hukumu ya mahakama inawafunga walioitwa mahakamani. Mdai ambaye hakuitwa hafungwi nayo, na dai lake linabaki limeng'ang'ania nyumba hata baada ya wewe kuilipia. Umenunua nyumba, umenunua na mdai wake.

Kwa hiyo weka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni orodha ya walioshtakiwa. Ya pili ni orodha ya madai yote yaliyosajiliwa dhidi ya nyumba hiyo katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti. Shika kalamu, linganisha jina kwa jina. Jina likiwepo kwenye ya pili na kukosekana kwenye ya kwanza, funga jalada na utafute nyumba nyingine. Kama huna uzoefu, ilipe kampuni ya kukagua hatimiliki ikufanyie kazi hiyo, na uulize mapema kama itakubali kukukatia bima ya hatimiliki baada ya mauzo. Ikisita, sababu za kusita kwake ndizo ulizotakiwa kuzijua.

Ohio ina jambo jingine ambalo majimbo mengi ya Marekani yameshalifuta. Mwenzi wa ndoa ana haki yake katika mali ya mwenzake, theluthi moja kwa maisha yake yote, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Mke au mume ambaye hakutia saini rehani wala hakuitwa mahakamani bado ana haki hiyo. Sisi tunaojua mirathi inavyoweza kuibua watu wasiotarajiwa tunalielewa hili upesi. Tazama jalada kama mwenye nyumba ameandikwa kuwa ana ndoa, na kama ndiyo, mtafute huyo mwenzi humo ndani.

Ukiikuta idara ya kodi ya serikali kuu miongoni mwa walioshtakiwa, kuwa na subira zaidi. Sheria inaipa siku 120 baada ya mauzo kuweza kukurudishia fedha zako na kuichukua nyumba. Usivunje ukuta wala usinunue vigae kabla siku hizo hazijaisha.

Halafu mambo ya kiwanja. Anwani inaweza kukupoteza, kwa hiyo fuata namba ya kiwanja. Katika kaunti nyingi ofisi ya mkaguzi wa kaunti ina ramani zinazoonyesha umbo la kila kipande cha ardhi, kodi inayodaiwa, na mara nyingi picha ya jengo. Yule bwana wa Florida angeifungua ramani na kukuta kijimstari mahali alipotarajia nyumba, angelala usingizi wake.

Na usisahau idara ya majengo ya mji. Nyumba inaweza kuwa safi kwa benki na chafu kwa manispaa: amri ya kukarabati, amri ya kubomoa, zote zikimsubiri mmiliki mpya. Cleveland wanalijua hili kwa maumivu. Kufikia 2007 mtaa wa Slavic Village ulikuwa unatajwa kote Marekani kwa wingi wa nyumba zilizotwaliwa. Oktoba mwaka huo Jaji Christopher Boyko wa mahakama ya serikali kuu mjini humo alizitupilia mbali kesi 14 zilizofunguliwa na Deutsche Bank, kwa kuwa benki haikuonyesha kwamba mikopo hiyo ilikuwa yake siku ilipofungua kesi. Benki kubwa yenye mawakala na mawakili ilikwenda mahakamani bila karatasi kamili. Wewe mwenye daftari moja una haki kabisa ya kulikagua jalada mara mbili. Baada ya hapo nyumba za Cleveland ziliuzwa kwa dola elfu chache, nyingi kwa watu wa mbali ambao hawakuwahi kuziona. Jaji Raymond Pianka wa mahakama ya nyumba ya mji, aliyefariki 2017, alijulikana kwa kuwaita kizimbani wamiliki wa majengo mabovu, yakiwemo makampuni ya mbali. Kaunti ikaanzisha benki ya ardhi, yaani shirika la kuchukua majengo yaliyotelekezwa, mwaka 2009, na nyumba zilizobomolewa tangu hapo ni maelfu. Dola elfu tatu kwa nyumba yenye amri ya kubomolewa ni ghali.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu vya kutembea uende ukaione.

Kuingia ndani huruhusiwi. Nyumba bado ina mwenyewe, na kuruka uzio au kuchungulia dirishani ni kosa, tena Marekani unaweza kukutana na bunduki. Simama kando ya barabara. Kutoka hapo kuna mengi ya kuona ukijua pa kutazama.

Tazama mita ya gesi. Ikiwa imeng'olewa au imefungwa kufuli, nyumba haipashwi joto, na majira ya baridi ya Ohio ni ya kugandisha. Maji yaliyobaki kwenye mabomba huganda, yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka ndani ya ukuta bila mtu kusikia. Barafu ikiyeyuka, maji hushuka mpaka chumba cha chini ya ardhi, ambako ndiko kulikowekwa tanuru la kupashia nyumba joto na tangi la maji moto. Ukarabati wake unaweza kula faida yote. Sasa tazama mlango wa mbele: mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa kioo kwa ndani, inayosema mabomba yamekaushwa na kuwekwa dawa ya kuzuia kuganda. Ina tarehe. Vuta kwa kamera ya simu yako uisome. Kama ni Oktoba, waliwahi. Kama ni Februari, chukulia kwamba mabomba yamekwisha, na uyaingize kwenye hesabu.

Zunguka mtaa uone ubavu wa nyumba. Kama mahali pa kiyoyozi cha nje pamebaki kibao cha zege na nyaya zilizokatwa, wezi wa shaba wameshapita, na kwa kawaida wakishaonja nje huingia ndani. Mabomba ya kushushia maji ya mvua yakikosekana, ukuta wa msingi umekuwa ukinywa maji kila mvua. Turubai la buluu juu ya paa linajieleza.

Kisha zungumza na jirani. Jirani mstaafu anajua mambo ambayo jalada halina. Mitaa mingine ya Columbus unaweza hata kubahatika kumkuta mtu wa kwetu, mama wa makamo anayefagia majani barazani, na mazungumzo yakaenda hivi:

"Shikamoo mama. Naulizia hiyo nyumba ya pili, naona imetangazwa."

"Marahaba mwanangu. Ile? Pampu ya kutoa maji kule chini haifanyi kazi tena. Mvua ikinyesha, mpaka huku nasikia harufu."

"Na watu wapo?"

"Yupo mpangaji na watoto wawili. Analipa kodi yake vizuri tu, mwenye nyumba ndiye hakulipa benki."

Umepata habari mbili ambazo hakuna mthamini aliyeziandika. Mshukuru, na ukirudi mtaani mpelekee hata mkate.

Twende kwenye fedha. Chukua bei ambayo nyumba za jirani zenye hali nzuri zimeuzwa karibuni, tuseme dola 120,000. Toa ukarabati uliokadiriwa bila kujipunja, tuseme 45,000. Toa kodi, bima, gharama za kesi na miezi ya kukaa bila kuitumia, 12,000. Toa na kinga ya usiyoyaona, 15,000. Kinabaki 48,000, na hicho ndicho kikomo chako. Sasa linganisha na ile bei ya chini ya mnada wa kwanza, 60,000. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza unakaa kimya. Asipoichukua mtu, unarudi mnada wa pili ukiwa na kikomo kile kile, usichokiongeza hata senti.

Amana ya nyumba za makazi imewekwa na sheria: dola 2,000 kwa nyumba iliyothaminiwa hadi 10,000, dola 5,000 kwa iliyozidi hapo hadi 200,000, na dola 10,000 kwa iliyozidi hiyo. Baki hulipwa ndani ya siku 30 tangu mahakama ithibitishe mauzo. Usitegemee kwenda kukopa baada ya kushinda. Mkopeshaji wa kawaida hutaka kutuma mtu akague ndani, na ndani hamuingii. Ukishindwa kulipa unaweza kupoteza amana yako, na jaji ana mamlaka ya kukuhesabu kuwa umeidharau mahakama.

Wenye fedha za upatu au chama, nawasihi: malizaneni kabla. Hati hutoka kwa jina la mnunuzi aliyejiandikisha mnadani, wala sherifu hajui kwamba shangazi alitoa elfu kumi na mjomba aliyeko Mombasa alituma elfu nane. Andikeni nani ametoa kiasi gani, nani ataishi humo, na itakuwaje mmoja akitaka kujitoa. Myaandike kwa wakili, mtie saini. Siku ya mnada mpeni kibarua mtu mmoja asiye na papara, kikomo kikiwa kimeandikwa mbele yake, na wengine wote wakae mbali na kompyuta atakayonadia, maana kila mmoja akipiga kelele "ongeza kidogo!" mnafika 60,000 bila kujua mmefikaje.

Mtapambana zaidi na benki yenyewe iliyofungua kesi. Yenyewe hupanda dau kwa deni inalodai, kwa hiyo inaweza kufika mbali bila kutoa fedha taslimu. Ikiichukua nyumba, usihuzunike. Nyumba hiyo mara nyingi itarudi sokoni kupitia dalali wa kawaida, yenye ufunguo, mlango wazi na ruhusa ya kuleta fundi akague. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, njia hiyo ni salama zaidi, na mimi ningemshauri mdogo wangu aanzie hapo.

Ukishinda, bado huna nyumba. Mahakama lazima ithibitishe mauzo, na mpaka siku hiyo mwenye nyumba anaweza kuikomboa kwa kulipa hukumu yote na gharama, pamoja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka kwa ile fedha ya mnunuzi. Usibadilishe kitasa. Usiingie kupima madirisha. Tumia siku hizo kutafuta bima inayokubali nyumba tupu, kwa kuwa bima za kawaida nyingi huwa na masharti dhidi ya nyumba isiyokaliwa.

Kuhusu yule mpangaji na watoto wake wawili, sheria ya serikali kuu ya mwaka 2009, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2018, inakutaka umpe notisi ya angalau siku 90. Kama ana mkataba halali, una wajibu wa kuuheshimu mpaka uishe, isipokuwa kama wewe mwenyewe unakuja kuishi humo. Mtembelee mchana, jitambulishe kwa jina, mpe namba yako ya simu. Mtu anayelipa kodi kwa wakati katika nyumba iliyokuwa inazama ni mpangaji wa kumbembeleza abaki.

Akiwemo mwenye nyumba wa zamani, mahakama inaweza kukupa amri na maofisa wa sherifu wakaja kumtoa. Haki hiyo unayo. Lakini mpatie kwanza fedha ya kuhamia na tarehe anayoweza kuitimiza. Itakugharimu kidogo kuliko milango iliyong'olewa, na humo ndani kuna mtu aliyepima urefu wa wanawe kwenye fremu ya mlango ule.

Tena kuna fedha ambayo huenda haijui. Mnada ukileta zaidi ya madeni na gharama, ziada ni ya aliyepoteza nyumba. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi wa majaji wote katika kesi ya Geraldine Tyler wa Minneapolis, bibi wa miaka 94. Kaunti ya Hennepin ilikuwa imeuza nyumba yake dola 40,000 kwa deni la kodi la takriban 15,000, ikabaki na chenji yote. Majaji wakasema kaunti haina haki ya kubaki na ziada hiyo. Ohio, ziada ya mnada wa sherifu hupita kwa karani wa mahakama. Kwa hiyo ukinunua kwa 48,000 na madeni na gharama zikawa 33,000, dola 15,000 zinazobaki ni za yule mwenye nyumba wa zamani unayemwomba ufunguo. Mwandikie namba ya kesi kwenye karatasi, mweleze ofisi ya karani ilipo, na umwambie akaombe mwenyewe, kabla hajafikiwa na mawakala wanaodai sehemu kubwa kwa kazi ya kujaza fomu. Mwambie hata kama bado amekukasirikia.